Kwa nini kilomita 12 za msituni zinaniacha mzima, na 8 za lami zinanivunja?

#1 BintiIgoma
Habari zenu wakuu. Swali hili linanisumbua wiki ya tatu sasa.

Huu ni mwaka wangu wa nne nakimbia. Njia yangu ni ile ile: natoka Igoma alfajiri, nafuata pembeni ya barabara ya Musoma kuelekea mjini, nageuza, jumla kilomita 8. Nikimaliza, ugoko unauma, na jioni kushuka ngazi ni shughuli.

Desemba nilikwenda Ukerewe kwa mama mdogo. Binamu yangu akanipeleka Rubya, kwenye shamba la miti la TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Tulijiandikisha ofisini, tukaelekezwa barabara za kuzuia moto zinazokatiza kwenye misonobari. Chini kumetandikwa majani makavu kama zulia, juu kivuli, na ukinyamaza unasikia upepo wa ziwa ukipita kwenye vilele. Saa yangu ilisoma kilomita 12. Sijawahi kufika huko! Kesho yake niliamka, nikachota maji, nikatwanga, hakuna kiungo kilicholalamika. Ndani ya siku tisa nikarudi mara tatu, hali ile ile. Nimerejea Mwanza, siku ya kwanza tu kwenye lami ugoko umeanza tena.

Saa inadai msituni nilikwenda dakika 7 na nusu kwa kilomita, lami huwa dakika 6. Lakini pumzi ilikuwa inapanda kama kawaida, sikuwa natembea. Naombeni maelezo.

#2 NgoshaOriginal
Oksijeni dada. Miti ndiyo inayoitoa, wewe ulikuwa unaivuta kiwandani kabisa. Uzi umekwisha.

#3 MwalimuViungo
Ngosha, hapo hapana. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, uwe Rubya au stendi ya Nyegezi. Hewa inachanganyika na upepo muda wote, msitu hauwezi kujiwekea akiba yake. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa kadiri unavyopanda juu, na hapo Igoma na Ukerewe hazipishani kwa maana. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari.

Moshi na vumbi, hayo nakubali. Ila BintiIgoma kaeleza ugoko, hajaeleza kifua. Kwangu jibu ni hilo alilolitaja mwenyewe akalipita: mwendo. Dakika 7 na nusu siyo dakika 6. Ukienda polepole unachoka kidogo.

#4 BintiIgoma
Mwalimu, nashukuru. Ila siku nyingine huwa najilazimisha kwenda polepole kwenye lami, na ugoko bado unauma. Ndiyo maana nimekuja hapa.

#5 FundiRaba
Mimi nashona na kubandika soli Makoroboi, raba za mtumba zinapita mikononi mwangu kila siku. Raba ya mtu anayekimbia barabarani naijua kabla hajafungua mdomo: kisigino kimeliwa upande mmoja, na mguu mmoja umeliwa kuliko mwenzake. Raba za vijana wa vijijini zinaisha sawasawa, chini nzima.

Sababu ni kwamba barabara haiko tambarare. Imeinuliwa katikati ili maji yaende mtaroni. Wewe unakimbia ukingoni, kwa hiyo mguu mmoja uko juu na mwingine chini kilomita nane zote, mwaka wa nne. Dada, ni mguu upi unaokuuma?

#6 BintiIgoma
Fundi, umenishtua. Ni wa kushoto. Wa kulia unauma mara chache sana.

#7 FundiRaba
Na unakimbia ukiyatazama magari yanayokuja, si ndiyo? Basi uko upande wa kulia wa barabara, mtaro uko kulia kwako, mguu wa kushoto ndio uko juu ya mwinuko. Niletee raba zako nizione.

#8 Mwanamichezo_Buzuruga
Udongo laini jamani, mbona mnazunguka? Lami ni jiwe, majani ya misonobari ni godoro. Hata mtoto anajua akianguka wapi ataumia.

#9 MwalimuViungo
Nilikuwa naamini hivyo hivyo, tena nimefundisha hivyo miaka. Lakini waliopima miguu ya wakimbiaji waligundua kwamba mguu hujirekebisha wenyewe. Ukikanyaga palipo laini unakaza goti na kifundo, ukikanyaga pagumu unalegeza, bila kufikiri. Kishindo kinachofika mwilini kinatofautiana kidogo kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo "godoro" peke yake halitoshi.

Mimi naona ni marudio. Kwenye lami kila hatua ni pacha wa iliyopita. Mtu anapiga hatua 160 au 170 kwa dakika, kwa saa moja ni kama 10,000, zote zinagonga mshipa ule ule na mfupa ule ule. Msituni kuna mzizi, unaruka. Kuna kibonde, unafupisha. Kuna kona, unaegemea. Mzigo unagawanywa.

#10 MzeeWaNansio
Nimesoma yote kwa utulivu. Wanangu, mmesahau kumwuliza huyu binti alikuwa anafanya nini saa zingine.

Alikuwa likizo kwa mama yake mdogo. Kalala mapema, kala sato na ugali wa muhogo, hakugombania daladala, hakusimama kazini kutwa. Mtu aliyepumzika siku tisa hata ungemkimbiza juu ya mawe ya Bwiru angeamka mzima. Msitu umepewa sifa ya usingizi.

#11 BintiIgoma
Shikamoo mzee. Ni kweli nililala vizuri kuliko mwaka mzima. Kazini nasimama tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hilo sikulifikiria kabisa.

#12 MzeeWaNansio
Marahaba mwanangu. Simaanishi msitu hauna kitu. Nimefanya kazi ya miti ujana wangu wote na bado naenda kutembea humo. Nasema tu tupime vyote.

#13 DagaaMchele
Mimi nasema joto. Sisi wa Mwaloni tunaanika dagaa, tunajua mawe kuliko mtu yeyote. Jua likizama, weka kiganja juu ya jiwe: bado lina moto, na dagaa wa chini wanaendelea kukauka. Mwanza yote ni mawe, na lami ni jiwe jeusi. Mnaokimbia jioni mnapikwa kutoka chini. Nilianza kukimbia baada ya kujifungua, saa moja jioni pale Kirumba, nikawa narudi na kichwa kinagonga. Nilipohamia alfajiri kikaacha.

#14 Kerewe_Mbio
Dada DagaaMchele, mimi ndiye binamu aliyetajwa #1. Huko Rubya sisi tulikimbia saa tatu asubuhi, jua limeshapanda. Kivuli kinasaidia, sikatai. Lakini ndani ya miti hakuna upepo chini, unyevu umejaa, na jasho halikauki. Fulana yake ulikuwa unaikamua. Kama joto ndilo jibu, yeye wa Igoma anayekimbia alfajiri na ubaridi ndiye angekuwa mzima.

#15 DagaaMchele
Hapo umenibana. Ila jua la kichwani na jasho lisilokauka si kitu kimoja. Bado nashikilia mawe.

#16 Mhaya_wa_Kyaka
Wakuu, msifanye kila msitu ni Rubya. Shamba la misonobari lina mistari na barabara pana. Njooni Minziro, Hifadhi ya Mazingira Asilia, huku Misenyi mpakani na Uganda. Huo ni msitu hasa, wenye miti ya ukoo wa misitu ya Kongo, vipepeo wasiohesabika, na sehemu kubwa inafurika maji ya mto Kagera. Mvua zikikolea, njia ya jana leo ni bwawa. Nilijaribu kukimbia humo na mgeni wangu, tukiwa na mwongoza njia, kilomita 5 tu. Mizizi mirefu imelala njiani, tope linavua raba, mbu ndio usiseme. Nilichoka kuliko nusu marathoni, na kifundo kikateguka.

Hiyo hoja ya Mwalimu #9 ya kugawanya mzigo ni kweli mpaka mzizi wa kwanza utakapokushika.

#17 Mwanamichezo_Buzuruga
Mhaya lazima aje na msitu mkubwa kuliko wa wenzake 😀

#18 Mhaya_wa_Kyaka
Ni mkubwa kweli mkuu, hekta elfu 25 hivi. Karibu.

#19 Nesi_wa_Zamu
Samahani natoka nje ya mada kidogo, ila Kerewe_Mbio kanipa hofu. Baada ya kukimbia mlioga wapi?

#20 Kerewe_Mbio
Ziwani, kwenye kijighuba pale. Maji matulivu, safi kabisa.

#21 Nesi_wa_Zamu
Ndicho nilichoogopa. Maji matulivu yenye matete ndiko waliko konokono wa kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache, na hutasikia kitu zaidi ya muwasho. Kichocho cha ukanda wetu wa ziwa kinakaa tumboni: tumbo kuuma, choo chenye damu, na kikiachwa miaka kinaharibu ini.

Subirini kama wiki sita hadi nane tangu siku ile, mkapime choo. Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiacha, kwa hiyo kumeza kesho yake si kinga. Nimewahudumia vijana wengi waliokuja na "uchovu usioeleweka". Mtu anahangaika na raba na ugali kumbe ana minyoo kwenye mishipa ya utumbo.

#22 BintiIgoma
Asante sana dada. Tutapima wote wawili.

#23 NgoshaOriginal
Kwa hiyo uchovu wa lami unaweza kuwa kichocho?

#24 Nesi_wa_Zamu
Wa mguu mmoja, hapana. Usichanganye Ngosha.

#25 SaaMkononi
Nashangaa tumefika #25 hakuna aliyeishuku saa. Saa inapokea ishara za setilaiti. Chini ya miti mirefu ishara zinagonga matawi, zinafika zimechelewa au hazifiki. Tena saa haiandiki kila hatua: inaweka nukta, kisha inaunganisha nukta kwa mstari mnyoofu. Kona zote unazopinda zinakatwa. Unakimbia mita 100, inaandika 92. Ndiyo maana mwendo unaonekana wa pole huku pumzi ni ya kasi. BintiIgoma, huenda hukwenda dakika 7 na nusu hata kidogo.

#26 MwalimuViungo
Hoja nzuri, ila inafanya fumbo kuwa kubwa zaidi. Kama alikwenda mbali kuliko 12, na kwa kasi, mbona hakuumia?

Halafu saa inaweza kukosea upande wa pili. Nukta zikiyumba kushoto na kulia, mstari unakuwa mrefu kuliko njia.

#27 Mtoto_wa_Ngitili
Mwangaluka wote. Mimi ni wa Kishapu, Mwanza nimekuja kutafuta. Kwetu msitu wa kukimbilia ni ngitili ya babu. Kwa wasiojua: ni eneo la malisho na miti linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikue, miti ichipue, linafunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa hawana kitu. Taratibu zinapangwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanakijiji, sungusungu wanalinda. Miti ilikuwa imekwisha Shinyanga. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, wazee wakazirudisha ngitili hizo, zikafika zaidi ya hekta 300,000.

Nimekulia kwenye njia za ng'ombe humo, nikienda shule mbio na kurudi mbio. Njia ya ng'ombe ina upana wa kwato. Huwezi kutupa miguu mbali, unaweka mmoja mbele ya mwenzake, hatua fupi, unatua katikati ya unyayo. Kilimani ng'ombe hapandi wima, anazunguka, na wewe unazunguka naye. Nilipokuja mjini, lami pana ilinifundisha kurusha mguu mbele na kutua na kisigino. Hapo ndipo ugoko ulipoanza kuniuma. Sijasoma vitabu vya Mwalimu, ila nadhani njia nyembamba inakufundisha kukimbia.

#28 FundiRaba
Huyu kasema kitu. Na nikumbushe: babu huyo alivaa katambuga, ndala za matairi.

#29 Mwanamichezo_Buzuruga
Ndiyo maana wakimbiaji wetu wote wanatoka Mbulu na Karatu, hawakuzaliwa na lami. Filbert Bayi alichukua dhahabu ya Olimpiki na rekodi ya dunia.

#30 Mhaya_wa_Kyaka
Rekebisha mkuu. Rekodi ya mita 1,500 ilikuwa Christchurch, New Zealand, 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Olimpiki alipata fedha, Moscow 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Na si wote wa Mbulu: Alphonce Simbu ni wa Singida. Ule ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, saa 2:09:48, aliyemfuata wakagawana muda, picha ndiyo iliyoamua. Nililia kama mtoto siku ile.

#31 Mwanamichezo_Buzuruga
Nimekubali. Sote tulilia.

#32 NgoshaOriginal
Ila Kanda ya Ziwa tuna mapori, tuna vilima, tuna matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. Mbona hatutoi mtu wa Tokyo?

#33 MwalimuViungo
Fungua uzi wako Ngosha, nitakuja. Huu tumalize ugoko.

#34 Capri_Alfajiri
Naomba kusema jambo kama mwanamke. Nakimbia Capri Point kila siku, na nusu ya akili yangu iko kwenye bodaboda inayopunguza mwendo nyuma yangu, mbwa wa geti fulani, na wale wanaoniuliza "nani anakukimbiza?" Mabega nimeyapandisha mpaka masikioni. Siku moja nilipelekwa kisiwa cha Saanane na ndugu zangu, tukatembea njia zote za pale, juu ya miamba mpaka chini kwa swala pala. Nilirudi na mwili mwepesi ajabu, na kilikuwa ni kisiwa chenye pimbi na mamba! Nafikiri nilichokiacha ng'ambo ni ile hofu. BintiIgoma, Rubya ulikuwa na binamu yako pembeni. Igoma unakimbia na nani?

#35 BintiIgoma
Peke yangu. Gizani.

Umenigusa dada. Sikuwahi kulitaja kwa sababu nililizoea.

#36 Msafiri_Rubondo
Nyongeza fupi kwa watakaovutiwa na uzi wakaenda popote tu: Rubondo siyo pa kukimbia. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, kuna tembo, unatembea na askari. Na mbung'o wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo tracksuti ya timu yenu iacheni nyumbani, vaeni kaki. Kwenye misitu mingine yote angalieni kifutu. Koboko atakukimbia, kifutu anabaki pale pale kwenye majani makavu akidhani hujamwona. Na ombeni kibali kwanza. Mlinzi wa msitu akikuona unakimbia na begi hawezi kujua wewe siyo mkata mkaa.

#37 BintiIgoma
Wakuu, nimerudi na taarifa ya wiki mbili. Nilifanya mambo kama mlivyosema.

Wiki ya kwanza: lami, dakika 7 na nusu kwa kilomita kama msituni. Ugoko wa kushoto uliuma, ila kidogo. Wiki ya pili: mwendo wangu wa kawaida, lakini nimeiacha lami nikapita kwenye udongo wa pembeni ulio tambarare, na nimeanza kukimbia na jirani yangu. Siku tatu za kwanza hakuna maumivu. Ya nne yakaja, miguu yote miwili. Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo.

Kwa hiyo sijui nimpe nani ushindi.

#38 MzeeWaNansio
Zamu mbili. Nimenyamaza.

#39 FundiRaba
Miguu yote miwili, mzee! Maana yake mwinuko wa barabara umetoka kwenye hesabu.

#40 MwalimuViungo
Umebadilisha udongo, mwenza na usingizi kwa pamoja, dada. Hatuwezi kutenganisha. Badilisha kimoja kimoja.

#41 MzeeWaNansio
Hilo la saa tunaweza kulimaliza. Misonobari hupandwa mita 3 kwa mita 3. Kijana wangu Kerewe_Mbio, nenda kwenye ukingo wa barabara ya moto, hesabu miti ya mstari wa pembeni, zidisha kwa tatu. Miti haidanganyi setilaiti.

#42 SaaMkononi
Mzee, miti si hupunguzwa ikikua?

#43 MzeeWaNansio
Hupunguzwa. Hesabu na visiki.

#44 Kerewe_Mbio
Nimekwenda leo na mdogo wangu. Yeye anahesabu, mimi nakimbia na saa ile ile ya dada, alinitumia. Visiki vingine vimefunikwa na majani, tumefukua kwa mikono. Tumefika mti wa 211, mvua kubwa ikashuka, tumeacha. Saa ilisoma mita 590.

#45 MwalimuViungo
Miti 211 ina nafasi 210 katikati, kwa hiyo mita 630. Saa imekula 40. Ukichukulia uwiano huo, zile 12 zilikuwa kama 12.8, na mwendo ni dakika 7 na sekunde 2 hivi kwa kilomita.

#46 SaaMkononi
Nilisema!

#47 MwalimuViungo
Umepata sehemu. Bado kuna dakika nzima kati ya 7 na 6.

#48 FundiRaba
Na barabara ile ya moto ina kona ngapi? Kama ni nyoofu, saa imepotea kwa miti tu. Kwenye kona itapoteza zaidi.

#49 Kerewe_Mbio
Kipande nilichopima ni kinyoofu. Kona ziko mbele, baada ya daraja dogo. Mvua ikikatika Jumamosi naanzia mti wa 212, nimeufunga kitambaa chekundu.

#50 BintiIgoma
Nisubiri. Nimeomba ruhusa kazini, nakuja na meli ya Ijumaa. Capri_Alfajiri na jirani yangu wanakuja pia, mwambie mama mdogo tuko watatu. Na tutaoga bombani.